Safari ya Kuuzunguka Mlima kwa Baiskeli
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyeri



Halmashauri imenitaka niwaeleze habari za safari ya baiskeli iliyofanywa na wanachama wenzetu 11 katika mwezi wa Februari, kutoka hapa Nyeri hata Nanyuki, Meru, Chuka, Embu na Karatina, kisha kurudi Nyeri. Katibu aliniomba nisizidi nusu saa, tena niseme ya raha na ya taabu pia, nisiipambe safari kama bibi harusi. Nitajaribu. Mwishoni liko jambo la fedha ambalo mkutano huu ndio utakaoliamua, na mkisikia habari za njiani mtaona lilikotoka.

Wengi mnaijua asili ya safari hii. Mfuko wetu wa Karo ulikuwa umepungukiwa, na wanafunzi watatu tuliowachukua walikuwa wakingoja malipo ya muhula wa pili. Vijana wakaja mbele ya Halmashauri na shauri lao: wauzunguke mlima kwa baiskeli, na wanachama pamoja na wenye maduka waahidi fedha kwa kila kilomita. Wazee wengine walicheka, na mmoja akauliza ni lini mtoto alisomeshwa kwa jasho la miguu. Hata hivyo ahadi zikaandikwa katika daftari la mweka hazina, na juu ya ukurasa likaandikwa sharti, kwamba fedha zitalipwa wapanda baiskeli wote watakaporudi Nyeri kwa baiskeli zao. Naomba mlishike sharti hilo kama lilivyoandikwa.

Tulikuwa wanaume 8 na wanawake 3. Mkubwa wetu alikuwa mzee wa miaka 63, karani mstaafu. Mdogo wetu msichana wa miaka 19. Baiskeli nne zilikuwa zile nzito nyeusi ambazo watu huziita Black Mamba, zisizo na gia, zenye breki za fito za chuma na karia pana ya kuchukulia gunia. Saba zilikuwa za mtumba, nyepesi, zenye gia. Kazi ya kuzipatanisha baiskeli za namna mbili katika msafara mmoja ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Mwenye gia hupanda mlima akiwa ameketi, naye mwenye Black Mamba husimama juu ya pedeli, kisha hushuka na kusukuma. Kwa hiyo tuliweka sheria kabla ya kuondoka: penye mwinuko, Black Mamba zitangulie, na asiwepo wa kuzipita, penye mteremko, kila mtu aache hatua 50 nyuma ya mwenzake.

Vijana wetu njiani walizungumza sana juu ya David Kinjah, aliyewafundisha wengi kupanda baiskeli katika kitongoji cha Kikuyu, na juu ya Chris Froome, ambaye alijifunza kwake akiwa kijana, kisha akashinda mashindano makubwa ya Ufaransa mara nne, miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Walimtaja pia marehemu Suleiman Kangangi, nahodha aliyependwa, aliyeanguka na kufa katika mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Kwa ajili yake walikata shauri kwamba asiyevaa kofia ngumu hataondoka Nyeri. Mzee wetu alikuwa na kofia yake ya sufi tu, akadai kwamba inatosha. Alinunuliwa nyingine.

Tuliondoka Ruring'u siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili za asubuhi. Palikuwa na baridi, na mlima ulikuwa wazi kabisa, theluji kidogo iliyosalia iking'aa kwenye vilele. Mtu akiuzunguka mlima kwa upande tulioufuata, humkaa mkono wa kuume tangu mwanzo hata mwisho wa safari, naye hupita kushoto mwa barabara, akiwa na magari baina yake na mlima. Ilipofika saa nne Batian, kilele cha mita 5,199, kilikwisha kujifunika mawingu, kama kawaida yake. Tangu saa hiyo tulizunguka kitu tusichokiona.

Siku ya kwanza ilikuwa ya raha. Kutoka Kiganjo kwenda Naro Moru na Nanyuki barabara hupita juu ya uwanda, na mito ni midogo. Mwalimu aliyekuwa nasi alitueleza sababu. Upande wa magharibi na kaskazini ya mlima hupata mvua chache, na mito yake, kama Naro Moru na Nanyuki, huteremkia Ewaso Ng'iro. Upande wa mashariki na kusini hupata mvua nyingi, na mito yake imechimba mabonde makubwa ikienda kuingia Tana. Tulimsikiliza kwa adabu tu, kwani siku hiyo hatukujua maneno hayo yalikuwa na maana gani kwa magoti yetu.

Pale Nanyuki ambapo Ikweta hukata barabara, wako vijana wanaowaonyesha wageni maji yakizunguka ndani ya karai, upande mmoja hivi, na hatua chache upande wa pili vile. Mwalimu wetu akasema kwa sauti kwamba hatua 20 haziwezi kuyageuza maji. Kijana mwenye karai akamjibu, "Mwalimu, wewe hukulipa, basi usiniharibie waliolipa." Tulicheka hata tukalazimika kushuka. Usiku ule tulilala katika ukumbi wa shule, na akina mama wa jirani wakatuletea githeri na chai ya maziwa, wakakataa fedha zetu.

Siku ya pili ndiyo iliyotuonyesha sura nyingine. Kutoka Nanyuki barabara hupanda polepole hadi Timau, na baada ya Timau huendelea kupanda, kupita kimo cha futi 8,000. Upande huu yako mashamba makubwa ya ngano, na nyumba za plastiki za kupandia maua ya kupelekwa Ulaya. Miti ni michache, na hakuna kitu cha kuuzuia upepo. Ulitupiga usoni saa tatu nzima. Hewa huko ni nyembamba, na mtu asiyezoea husikia kifua kimejaa na hali hakuna kitu ndani yake. Mwenye gia na mwenye Black Mamba wote walikwenda mwendo mmoja, mwendo wa ng'ombe waendao mnadani. Lakini mnapofika juu na kutazama kaskazini, nchi yote hufunguka chini yenu hata Isiolo na vilima vya Samburu, buluu juu ya buluu. Sikuwahi kuona nchi kubwa kiasi hicho kwa mara moja, na nadhani tusingeiona hivyo kama tungekuwa ndani ya matatu, ambamo mtu huona kisogo cha mwenzake.

Baada ya njia panda ya Isiolo hapana budi kuteremka kwenda Meru. Watu wengi hudhani mteremko ni zawadi. Kwa mwenye breki za fito si zawadi hata kidogo. Mpira wa breki ukishika rimu kwa muda mrefu hupata moto, hulainika, hulika, na mwisho fito inakamata chuma kwa chuma. Mmoja wetu alipatwa hivyo kwenye kona. Akaona lori mbele, akachagua mtaro. Tulimkuta ameketi kwenye majani, kiwiko kimechubuka, akiulizia baiskeli yake. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda na spoki sita zimekatika. Fundi wetu, ambaye ana kibanda sokoni hapa Nyeri, aliilaza baiskeli kando ya barabara, akaunyoosha mviringo wa gurudumu kwa goti na kwa ufunguo mdogo wa spoki, akilizungusha na kulitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Ilimchukua dakika 40. Wakati huo magari yalipita karibu yetu kwa kasi ya kutisha, mengine yakipiga honi kana kwamba sisi ndio tulioijenga barabara ikawa nyembamba. Tuliingia Meru taa zimewashwa.

Wameru walitupokea vizuri mno. Tulijifunza salamu yao, "Muga," na tukajifunza kwamba mlima ule ule tunaouita Kirinyaga wao huuita Kirimara. Mzee mmoja wa pale alituuliza tumetoka upande gani. Tulipomwambia, akasema, "Basi mmeuona mgongo tu, uso wake uko huku kwetu." Mzee wetu hakukubali, na mashauriano yao yalichukua vikombe vitatu vya chai.

Sasa nifike siku ya tatu, ambayo ndiyo hasa niliyotakiwa niieleze. Kutoka Meru unaikata Ikweta tena kabla ya Nkubu, na hapo maneno ya mwalimu juu ya mito yakatimia. Barabara hupita katika nchi ya kahawa, migomba na chai, nchi nzuri yenye rutuba, lakini imekatwa na mabonde kama kipande cha nguo kilichokunjwa. Unateremka, unavuka mto, unapanda; hujakaa sawa, unateremka tena. Thingithu, Mutonga, Nithi: kila jina ni mteremko mmoja na mlima mmoja. Jua lilikuwa kali, hapakuwa na upepo, na matairi yalitoboka mara saba siku ile moja.

Mtu yeyote asomaye magazeti analijua daraja la Nithi. Mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia pale, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha, na hiyo haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Tulikubaliana kushuka wote kabla ya mteremko, tukatembea chini tukizishika baiskeli, mmoja nyuma ya mwingine nje ya lami. Pale darajani hapakuwa na aliyesema neno. Msichana wetu wa miaka 19 alivua kofia, nasi tukafuata.

Ni katika kupanda kutoka Nithi kwenda Chuka ndipo mzee wetu aliposimama. Hakuanguka. Aliiegemeza baiskeli kwenye ukingo, akaketi, akasema miguu imefungwa na kichwa kinamzunguka. Tulimpa maji na chumvi kidogo na ndizi. Uso wake ulikuwa umekauka na mikono inatetemeka. Kijana mmoja akasimamisha gari la kuchukulia majani ya chai, dereva akakubali kumpakia pamoja na baiskeli. Hapo mzee akainua mkono.

"Msinipakie," akasema. "Sharti linasema wote warudi kwa baiskeli. Nikipanda gari, watoto wale hawana karo."

Muuguzi aliyekuwa katika msafara akamwambia, "Baba, ukifa hapa hakuna karo wala hakuna safari."

"Sijasema nitakufa. Nimesema msinipakie."

Wazee wangu, nimekuwa katika mikutano mingi ya chama hiki, lakini sijaona shauri gumu kama lile la kando ya barabara, huku dereva wa watu akingoja injini ikinguruma. Wengine walisema sharti limetungwa na watu waliokaa kwenye viti, na hakuna mwenye moyo atakayelitumia kumnyima mtoto karo kwa kuwa mzee aliugua. Wengine wakasema ahadi ni ahadi, na ukiingiza gari mara moja, hata aliyeahidi shilingi mia atapata njia ya kutokea. Mwisho muuguzi ndiye aliyepata njia. Mzee hataendesha baiskeli, wala hatapanda gari. Atatembea polepole hadi Chuka, kwani Chuka haikuwa mbali, mtu mmoja akimshika mkono na mwingine akiisukuma baiskeli yake. Tulimshukuru dereva, akaondoka akitikisa kichwa. Tukatembea naye wote 11. Tulifika gizani.

Katika zahanati aliambiwa kwamba amepungukiwa maji mwilini, na kwamba hana budi kupumzika kesho yake mchana kutwa. Hapo likazuka jambo la pili. Wanne kati yetu, yaani muuguzi, mwalimu na wafanyabiashara wawili, walikuwa wameomba ruhusa ya siku tano tu. Wakingoja, muuguzi atakosa zamu yake na mwalimu darasa lake. Usiku ule yalisemwa maneno makali ambayo si lazima yachapishwe katika kitabu cha taarifa. Mmoja aliwaita wale wanne wakimbizi. Naona neno hilo halikuwa la haki, na aliyelitamka aliliondoa asubuhi, akawajazia wenzake upepo kwenye matairi kabla hawajaondoka. Wanne walikwenda Alhamisi, wakalala Embu, wakaingia Nyeri Ijumaa jioni. Sisi sita tulibaki na mzee.

Siku ile ya kupumzika ilikuwa, kwa maoni yangu, siku bora ya safari, ingawa hatukwenda hata kilomita moja. Tulifua nguo, tukaziba matundu ya tyubu, na fundi akatengeneza bila malipo baiskeli za watoto wa jirani, mpaka mstari ukafika njiani. Mzee alikaa chini ya mwembe akinywa uji, akatusimulia mambo ya baba yake. Baadhi yenu hapa mlikuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Mnakumbuka jinsi Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alivyozuiwa kwenda atakako bila kibali. Baba yake alikuwa na dada aliyeolewa upande wa Embu. Dada alipofiwa na mume, baba alikwenda kuomba kibali mara tatu, akanyimwa mara tatu, na alipokipata matanga yalikuwa yamekwisha zamani. Baiskeli alikuwa nayo, ikining'inia ukutani. "Mimi," akasema mzee, "siku nne hizi sijaulizwa na mtu yeyote ninakwenda wapi, ila kwa kunisalimu." Vijana walinyamaza kimya. Sidhani kama walikuwa wamewahi kuisikia habari hiyo kwa namna ile.

Ijumaa tuliondoka Chuka alfajiri. Tulivuka Thuci, tukaingia Embu kwa njia ya Runyenjes, na mzee alipanda kila mwinuko kwa miguu yake juu ya pedeli, isipokuwa miwili ambayo sote tuliisukuma. Karibu na Runyenjes bibi mmoja mkongwe alitusimamisha, akatupa kila mmoja ndizi mbili, akampa mzee tatu, akisema kwamba yeye ndiye aliyestahili kukaa nyumbani. Mito yote ile tuliyoivuka kwa jasho hukutana katika Tana. Ukifika Kutus nchi inalainika, na upande wa kusini unaona uwanda wa Mwea, unaolimwa mpunga kwa maji ya mlima huo huo. Tulilala Kerugoya. Sina mengi ya kusema juu ya siku hiyo, maana mambo yalikwenda sawa.

Jumamosi tulipita Karatina ikiwa siku ya soko. Wale mliofanya biashara mnaijua Karatina; wakati wa Vita Kuu ya Pili hapo ndipo palipokuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, na mboga hazijaacha kuijaza tangu hapo. Kupita katikati ya magunia ya kabichi na viazi kulituchukua muda mrefu kuliko kupanda kilima chochote cha Meru. Akina mama wa soko, waliposikia habari za karo, walichanga papo hapo, sarafu na noti ndogo, katika kofia ngumu ya mzee. Fedha hizo zimeandikwa peke yake katika hesabu, kwa kuwa hazikuwa na sharti lolote.

Saa tisa za alasiri saba wetu tuliingia Ruring'u. Wale wanne walikuwa wametutangulia kwa siku nzima, lakini walikuja na baiskeli zao kutulaki hata nje ya mji, nasi tukaingia 11 kama tulivyoondoka. Tulikuwa tumekwenda zaidi ya kilomita 300. Matairi yalitoboka mara 23, minyororo miwili ilikatika, mtu mmoja alichubuka kiwiko, na mmoja alilala kitandani siku moja.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, lile jambo la fedha. Wengi wa walioahidi wamekwisha lipa, nao tunawashukuru. Wako wachache, na miongoni mwao wenye ahadi kubwa, wanaosema kwamba sharti halikutimizwa, kwa kuwa msafara uligawanyika na wapanda baiskeli hawakurudi pamoja. Si watu wabaya. Wanasema kwamba waliahidi kwa ajili ya umoja wa vijana, na kwamba umoja ulivunjika Chuka. Hoja hiyo ina uzito, nami nimeitafakari. Lakini nimelisoma sharti mara nyingi, na neno "pamoja" halimo. Limeandikwa "wote," na "kwa baiskeli zao." Wote walirudi, na kwa baiskeli zao. Aliyekuwa na udhuru mkubwa kuliko wote wa kupanda gari alitembea kwa miguu usiku ili asilivunje neno hilo, na kama tutaliongeza neno lingine baada ya safari kwisha, sijui tutamwambia nini. Naye yumo humu ukumbini, amenikataza nisimtaje jina.

Muhula wa pili unaanza, na wanafunzi wawili kati ya watatu wamekwisha lipiwa. Wa tatu hajalipiwa. Halmashauri haikutaka kuamua peke yake juu ya ahadi za watu, kwa hiyo inauomba mkutano utoe kauli, kwa kunyoosha mikono, juu ya maana ya sharti lile. Kadhalika Halmashauri inaomba ruhusa ya kununua mipira mipya ya breki kwa Black Mamba zote nne, na kwamba ikiwa safari itafanywa tena mwakani, siku ziwe saba badala ya tano, ili mtu akiugua pasiwepo wa kuchagua kati ya mwenzake na kazi yake.

Daftari liko mezani mbele ya mweka hazina, limefunguliwa katika ukurasa wenyewe, na yeyote anayetaka kulisoma sharti kwa macho yake kabla ya kunyoosha mkono na aje alisome.